Mpira upigwe au ukimbizwe? Mjadala wa Simba wa raga unaovuka mpaka

Timu ya taifa ya raga ya Kenya inapopata penalti katikati ya uwanja wa RFUEA, kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, jukwaa hugawanyika kabla mwamuzi hajashusha mkono. Wapo wanaopaza sauti mpira upigwe nje, karibu na mstari wa mwisho wa mpinzani. Wapo wanaotaka uanzishwe haraka na kukimbizwa pembeni. Nahodha akichagua moja, nusu ya watu hushika vichwa. Mechi ikiishia kwa kipigo, mabishano huhama na watu: kwenye meza za nyama choma, kwenye matatu, hadi kwenye mabasi ya usiku yanayoelekea Busia, Malaba na Kampala.

Msomaji wa Mwanza au Dar es Salaam akisikia jina Simba hukumbuka Kariakoo. Simba wanaozungumzwa hapa ni wengine. Ni timu ya Kenya ya raga ya wachezaji 15 kila upande, na wengi wao ni wachezaji wa ridhaa. Wana kazi au masomo, na mazoezi hufanywa jioni. Raga ya wachezaji 15 iliruhusiwa rasmi kulipa wachezaji mwaka 1995, lakini ruhusa si fedha, na katika ukanda huu wanaoishi kwa mchezo huo pekee ni wachache.

Ubishi wa mashabiki una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa Dubai mwezi Novemba 2022. Kenya ilikwenda huko kupigania nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia la 2023 pamoja na Marekani, Ureno na Hong Kong. Tarehe 6 ilifungwa na Marekani 68-14. Siku sita baadaye Ureno iliilaza 85-0. Tarehe 18, katika mechi ya mwisho, Hong Kong ilishinda 22-18. Mechi 3, pointi 32 za kufunga, pointi 175 za kufungwa.

Hayo hayakuwa mageni. Miaka minne kabla, mjini Marseille nchini Ufaransa, Kenya ilikuwa imegonga mlango huohuo. Ilifungwa na Kanada 65-19, na Ujerumani 43-6 na Hong Kong 42-17. Hadi leo Kenya haijawahi kucheza Kombe la Dunia la wachezaji 15.

Wanaotaka mbio

Kundi la kwanza la mashabiki linasema tatizo ni kusahau asili. Kenya ilijipatia jina duniani kwa raga ya wachezaji saba, mchezo wa kasi na chenga. Mwaka 2016 timu hiyo ilitwaa taji la Singapore kwa kuichapa Fiji 30-7 katika fainali, na Fiji ndiyo iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki miezi michache baadaye. Watu wa kundi hili huuliza: kwa nini nchi yenye wakimbiaji kama hao ipange foleni ya kusukumana na majitu ya Ulaya? Mpira upelekwe pembeni, wenye mbio wafanye kazi yao.

Hoja hiyo inavutia, lakini ina tundu. Uwanja wa raga ya saba na wa raga ya 15 ni uleule. Katika mchezo wa kwanza wamo watu 14, katika wa pili wamo 30, hivyo nafasi ya kupita ni finyu zaidi. Tena mechi ya saba ni dakika 14, ya 15 ni dakika 80. Anayekimbia kutoka eneo lake mwenyewe akikabwa na kupokonywa mpira, mpinzani huwa tayari yuko karibu na mstari. Mguso mmoja ni pointi 5, na mkwaju wa kuongezea ukipita ni 2 zaidi. Makosa matano ya namna hiyo yanaweza kuzaa pointi 35.

Wanaotaka mpira upigwe

Kundi la pili ni la watu wa hesabu. Kwao raga ni biashara ya maeneo. Penalti ikipigwa nje, timu iliyopiga ndiyo inayorusha mpira kuurudisha uwanjani, mita nyingi mbele ya pale ilipokuwa. Karibu na lango kuna pointi 3 za penalti, na kuna msukumo wa pamoja wa washambuliaji wanane wazito ambao unaweza kuzaa mguso bila pasi hata moja ndefu. Wanasema timu dhaifu haina haki ya kucheza kwenye nusu yake; ipeleke mpira kwa mpinzani na kumwacha yeye akosee.

Nao wana tundu lao. Mpira unaopigwa mbele bila watu wa kuufukuzia kwa mpangilio ni zawadi. Mpokeaji wa upande wa pili anapata nafasi na muda, na anayerudi kukaba amekwisha choka. Halafu mpango wote wa kupiga nje unategemea mambo mawili magumu: kurusha mpira kwa usahihi ili mrukaji wako audake, na kuhimili skramu, ule msukumano wa wanane kwa wanane. Skramu ikirudi nyuma, penalti huenda kwa mpinzani, naye anapiga nje kuelekea kwako. Ndipo mpango uleule unapotumika dhidi ya mwenyewe.

Kwa hiyo kila kundi lina mechi yake ya ushahidi na kila kundi lina mechi linayopenda kuisahau. Hata kipigo cha Ureno husomwa kwa njia mbili. Mmoja huona timu iliyoogopa kucheza, mwingine huona timu iliyocheza bila kujali ilipo uwanjani.

Pointi 85, kisha 4

Kuna swali ambalo ubishi huo hauligusi. Kikosi kilichofungwa 85-0 siku ya Jumamosi ndicho kilichoshindwa kwa pointi 4 tu Ijumaa iliyofuata. Kocha hakubadilika, hoteli haikubadilika, na misuli haiongezeki kwa siku sita. Tofauti ya pointi 4 ni ndogo kuliko mguso mmoja. Na Hong Kong hiyohiyo ndiyo iliyoifunga Kenya kwa tofauti ya pointi 25 mwaka 2018.

Ni kweli kwamba Ureno ilikuwa na nguvu zaidi ya Hong Kong. Ilitoka sare ya 16-16 na Marekani, ikachukua nafasi ile, na mwaka uliofuata ikaifunga Fiji 24-23 kwenye Kombe la Dunia lenyewe. Lakini Ureno nayo haikuwa timu ya matajiri watupu. Ilichanganya wanaolipwa na klabu za Ufaransa na wengine wenye masomo au kazi za kawaida nyumbani. Uridhaa peke yake hauelezi kila kitu.

Hapo ndipo kundi la tatu, dogo na lisilopiga kelele sana, linapoingia. Hoja yake ni kwamba swali la kwanza si mpira upigwe au ukimbizwe, bali ni mambo mangapi timu inaweza kujifunza katika muda iliopewa. Kurusha mpira nje kunahitaji ishara za siri, wanyanyuaji wawili, mrukaji mmoja na mrushaji, wote wakienda kwa sekunde moja. Shambulizi la pembeni linahitaji watu watano wanaojua kila mmoja atakuwa wapi. Wanaokutana kila siku hujifunza yote mawili. Wanaotoka klabu mbalimbali na kukutana wiki chache kabla ya safari hujifunza nusu ya hili na nusu ya lile, na kwenye mechi ngumu nusu hizo hazijumlishwi kuwa kitu kizima.

Mwaka 2022 wenyewe unatoa ushahidi. Kabla ya Dubai, Simba walialikwa kucheza daraja la kwanza la Currie Cup nchini Afrika Kusini, wakakaa pamoja kwa muda ambao timu hiyo haipati mara nyingi. Julai walikwenda Ufaransa kwa Kombe la Afrika, wakaifunga Algeria 36-33 katika nusu fainali na kufika fainali. Namibia iliwazima 36-0, na hakuna shabiki anayeona fahari kwa matokeo hayo. Lakini walifika. Kundi la tatu linasema muda wa pamoja ulinunua nusu fainali ile. Haukutosha kununua zaidi.

Somo lililotolewa Kampala

Katika mashindano hayo ya Afrika Kusini ya 2022 walialikwa pia Goshawks, kikosi cha Zimbabwe. Miaka miwili baadaye Kombe la Afrika lilichezwa Kampala, kwenye Uwanja wa Mandela ulioko Namboole, na Zimbabwe ikalitwaa kwa kuifunga Algeria 29-3. Julai 2025 mashindano yalirudi palepale, safari hii tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 ikiwa mezani. Zimbabwe iliishinda Namibia 30-28 na kurudi katika mashindano ambayo haikuwa imeyaona tangu 1991. Simba hawakufika fainali hata moja kati ya hizo mbili, ingawa zilichezwa umbali wa safari ya basi ya usiku mmoja kutoka Nairobi.

Wakenya waliovuka kwenda kutazama walirudi na jambo la kufikiria. Zimbabwe haikushinda kwa kukimbia tu wala kwa kupiga tu. Ilikuwa na nyakati za kuteseka na haikuvunjika. Hilo haliandikwi ubaoni na kocha. Linatokana na watu kucheza pamoja mechi nyingi zenye joto.

Na mechi zenye joto, kwa Kenya, ziko karibu kuliko Afrika Kusini. Tangu 2004 Kenya na Uganda hushindania Kombe la Elgon, lililopewa jina la mlima unaopakana na nchi zote mbili. Huchezwa nyumbani na ugenini, na jumla ya pointi za mechi zote mbili ndiyo huamua mshindi. Wauganda hawajasahau kwamba bingwa wa Afrika wa 2007 alikuwa Uganda, na hawaachi kuwakumbusha majirani. Lakini mechi mbili ni dakika 160 tu kwa mwaka.

Mfanyabiashara anayevuka Malaba kila wiki ataiona hoja haraka. Mpinzani wa bei nafuu ni yule unayemfikia kwa barabara. Kabras, timu inayodhaminiwa na kampuni ya sukari, iko Kakamega, si mbali na mpaka. Jinja kuna Hippos, na kutoka hapo hadi Kampala, kwenye Heathens, Kobs na Pirates, ni takriban kilomita 80. Mchezaji wa Kenya, Uganda au Rwanda anaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Wapo mashabiki wanaoukumbuka msururu wa Super Series ulioanza 2003, uliowahi kukutanisha timu za Kenya, Uganda na Tanzania. Na jina la uwanja wa Ngong lenyewe, RFUEA, ni kifupi cha Chama cha Raga cha Afrika Mashariki. Mwaka 1955, timu ya Lions ya Uingereza na Ireland ilipopita Nairobi, ilicheza na timu ya Afrika Mashariki, si ya nchi moja.

Vikwazo vipo, na havihusu mbinu. Basi linahitaji mafuta, wachezaji 23 wanahitaji pa kulala na chakula kingi, na anayevunjika mguu ugenini anahitaji hospitali na mtu wa kulipa. Wengi wanahitaji pia ruhusa ya mwajiri. Anayeuza duka lake mwenyewe hupoteza mauzo ya Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo huuza zaidi. Shabiki anayedai timu ifanye mazoezi kila siku hana budi kujibu nani atalipa siku hizo.

Baada ya Kombe la Dunia la 2027 nchini Australia, linalofuata ni la 2031 nchini Marekani. Mchezaji aliyekuwa na miaka 24 pale Dubai atakuwa na miaka 33, umri ambao magoti ya mshambuliaji wa raga huanza kukataa kazi. Kwa wengi wa kikosi kile mlango umekwisha fungwa, iwe walipiga mpira au waliukimbiza. Wanaoweza kwenda 2031 leo wako shuleni, vyuoni na katika klabu za Kakamega, Nakuru, Kisumu na Nairobi, na wenzao wako Jinja na Kampala.

Ubishi wa jukwaani hautakoma, wala si lazima ukome, maana ndio unaojaza viti. Ila shabiki aliyekaa karibu na uwanja anaweza kujiuliza jambo moja zaidi nahodha anapotazama nguzo na kuamua: hiki anachokichagua, wamekifanya pamoja mara ngapi? Jibu likiwa mara chache, uchaguzi wowote utafanana na kosa. Na Jumatatu asubuhi, aliyechagua atakuwa amerudi kazini.