Je, kishikwambi chenye kibodi kinaweza kuchukua nafasi ya kompyuta mpakato?

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, maduka ya vifaa vya elektroniki katikati ya jiji la Mwanza hupokea wazazi na wanafunzi wenye swali linalofanana: tununue kompyuta mpakato, au tununue kishikwambi chenye kibodi ya kubandika?

Swali hilo si dogo. Kwa familia nyingi za Nyamagana na Ilemela, na hata za Sengerema, Misungwi, Magu na Ukerewe, fedha ya kununulia kifaa cha namna hiyo hupatikana mara moja, baada ya kuuza mpunga au ng'ombe, ama baada ya kupokea zamu ya upatu. Mwanafunzi anayenunua kifaa kisichofaa mwaka wa kwanza huishi nacho hadi mwaka wa tatu.

Watengenezaji wana jibu lao. Kampuni ya Microsoft ilipozindua Surface Pro 3 mwaka 2014, iliitangaza kuwa ni kishikwambi kinachoweza kuchukua nafasi ya kompyuta mpakato. Mwaka uliofuata Apple ilitoa iPad Pro, pamoja na kibodi na kalamu vinavyouzwa kando. Tangu wakati huo madai hayo yamerudiwa na karibu kila kampuni inayotengeneza vifaa hivyo.

Je, madai hayo yana ukweli kiasi gani kwa mtu anayeishi na kufanya kazi kando ya Ziwa Victoria?

Kishikwambi-mseto ni nini?

Kishikwambi cha kawaida ni kioo cha kugusa chenye betri, kamera na, mara nyingi, nafasi ya kadi ya simu. Kinapoongezewa kibodi inayobandikwa na kubanduliwa, pamoja na egemeo la kukisimamisha mezani, huitwa kishikwambi-mseto. Ukibandua kibodi unasomea kitandani. Ukiibandika unaandikia mezani.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Microsoft ilitoa toleo la Windows XP kwa ajili ya kompyuta za kuandikia kwa kalamu mwaka 2002, lakini kompyuta hizo zilikuwa nzito na za bei kubwa, na hazikuenea. Watu wengi walianza kuvipenda vishikwambi baada ya Apple kuuza iPad ya kwanza mwaka 2010.

Leo vifaa hivyo viko katika makundi makuu matatu. Lipo kundi linalotumia Windows, mfumo endeshi uleule unaotumika katika kompyuta nyingi za ofisini. Lipo la iPad, linalotumia mfumo wa Apple. La tatu, ambalo ndilo lenye vifaa vingi vya bei nafuu, linatumia Android, mfumo uleule wa simu za mkononi.

Kwa macho, vifaa vya makundi hayo matatu vinaweza kufanana kabisa. Tofauti iko ndani, na ndiyo inayoamua kama fedha ya mnunuzi itakuwa imetumika vizuri.

Somo la mwaka 2012

Mwaka 2012 Microsoft yenyewe ililipia somo hilo kwa gharama kubwa. Ilitoa kishikwambi chake cha kwanza, Surface, kikiwa na toleo la Windows lililoitwa RT. Kwa sura lilikuwa Windows, na kibodi ilikuwepo. Lakini kifaa hicho kilitumia prosesa ya aina ile ya simu, hivyo hakikuweza kuendesha programu za kawaida za Windows ambazo watu walikuwa nazo tayari.

Wanunuzi walikikwepa, na Julai 2013 kampuni hiyo ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kutokana na shehena iliyoshuka thamani.

Hali imebadilika tangu hapo. Vishikwambi vya Windows vyenye prosesa za aina hiyo vilivyotoka kuanzia mwaka 2024 vinaweza kuendesha programu nyingi za zamani, ingawa baadhi ya mashine za kuchapisha na vifaa vingine vya kuunganisha bado hugoma. Apple nayo iliruhusu matumizi kamili ya kipanya katika iPad mwaka 2020, na mwaka 2025 ikaleta uwezo wa kufungua madirisha mengi na kuyapanga kama katika kompyuta.

Hata hivyo, kanuni ni ileile: kibodi haigeuzi kishikwambi kuwa kompyuta. Kinachoamua ni programu zinazokubali kufanya kazi ndani yake.

Sensa ilitufundisha nini?

Watanzania wana mfano wao wa karibu. Neno kishikwambi liliingia vinywani mwa watu wengi wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakijaza majibu katika vifaa hivyo badala ya madodoso ya karatasi.

Sensa ya mwaka 2012, iliyotumia karatasi, ilifanyika 26 Agosti na matokeo ya mwanzo yakatangazwa 31 Desemba, yaani siku 127 baadaye. Ile ya 2022 ilitangazwa 31 Oktoba, baada ya siku 69, ikionyesha kuwa nchi ina watu 61,741,120. Vishikwambi havikuwa sababu pekee, lakini kuondoa kazi ya kukusanya na kusoma mamilioni ya karatasi kulipunguza safari kwa kiasi kikubwa.

Ieleweke, hata hivyo, kwamba kazi ya karani ilikuwa kuuliza, kugusa jibu na kutuma. Kuunganisha takwimu, kuzikagua, kutengeneza majedwali na kuandika ripoti kulifanywa na wataalamu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kompyuta. Kishikwambi kilivuna, kompyuta ikapura na kupepeta.

Baada ya sensa Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu wa shule za umma. Kwa mwalimu, kifaa hicho kinafaa kusomea vitabu na mihutasari, kujaza taarifa katika mifumo ya mtandaoni na kuonyesha picha darasani. Lakini kuandaa mtihani wa kurasa nne wenye michoro na majedwali, au kupanga matokeo ya wanafunzi 200 kwa masomo tisa, ni kazi ya kupura na kupepeta. Ndiyo maana mwalimu mwenye kishikwambi bado huonekana kwenye duka la steshenari akiomba kuchapiwa mtihani.

Pale kinaposhinda

Yapo mazingira ambamo kishikwambi kinaishinda kompyuta mpakato waziwazi, na mwambao wa Ziwa Victoria unayo mengi.

La kwanza ni kazi ya kusimama. Mtafiti wa uvuvi anayehesabu mitumbwi na kupima samaki mwaloni hana meza. Programu kama ODK na KoboCollect, zinazotumika sana kukusanya takwimu, zimetengenezwa kwa ajili ya Android. Hujazwa bila intaneti, huchukua picha na kuweka alama ya mahali, kisha hutuma taarifa mtandao unapopatikana. Afisa ugani, mhudumu wa afya anayetembelea kaya na mkaguzi wa majengo wamo katika kundi hilo.

La pili ni umeme. Betri ya iPad ya kawaida iliyotoka mwaka 2022 ina ujazo wa saawati 28.6, wakati kompyuta mpakato nyingi zina betri za saawati 40 hadi 60. Betri ya akiba ya milliampia 20,000, ambayo watu wengi huibeba kwa ajili ya simu, hubeba takribani saawati 74. Hata baada ya kutoa kinachopotea njiani, inaweza kujaza kishikwambi cha aina hiyo mara moja na zaidi. Kwa anayefanya kazi katika visiwa vinavyotegemea umeme wa jua, hiyo ni siku nzima ya kazi.

La tatu ni mawasiliano. Kishikwambi chenye nafasi ya kadi ya simu hutumia bando moja kwa moja. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, anayepokea oda kwa ujumbe, kutuma picha za mzigo na kuandika mapato katika jedwali fupi, hahitaji zaidi ya hapo.

Mazingira hayohayo yana tahadhari zake. Kioo cha kugusa huchanganyikiwa kinapoguswa kwa vidole vilivyolowa maji, na jua la mchana hukifanya kisisomeke vizuri. Kava imara na karatasi ya kupunguza mng'ao si mapambo kwa mtu wa mwaloni.

Pale kinaposhindwa

Udhaifu wa kwanza ni programu za kitaaluma. Mwanafunzi wa takwimu, uchumi au afya ya jamii hukutana na SPSS au Stata anapofika kwenye tasnifu. Wa uhandisi hukutana na AutoCAD, wa ramani hukutana na QGIS. Matoleo kamili ya programu hizo hayaendeshwi ndani ya Android wala iPad. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bugando au wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe anaweza kufurahia kishikwambi chake kwa miaka miwili, kisha akalazimika kuazima kompyuta ya mwenzake katika muhula ambao kila mwenye kompyuta anaihitaji.

Hata programu zinazofahamika hupungua nguvu. Excel ya Android haiendeshi makro, zile amri za kujiendesha ambazo wahasibu wengi wamezijenga ndani ya majedwali yao. Word na Excel za simu huruhusu kuhariri bure katika vioo visivyozidi inchi 10.1, katika kioo kikubwa zaidi, kile hasa kinachouzwa kama mbadala wa kompyuta, mtumiaji hutakiwa kulipia.

Udhaifu wa pili ni mwili wenyewe. Kibodi nyingi za kubandika ni nyembamba na laini, na kifaa husimama kwa egemeo la nyuma. Juu ya meza hakuna shida. Juu ya mapaja, ndani ya basi la kwenda Geita au katika benchi la ukumbi wa mihadhara, huyumba.

Aidha, vishikwambi vingi vina tundu moja tu la kuunganishia. Atakayetaka kuchomeka flashi, projekta na chaja kwa pamoja atanunua kiunganishi cha ziada.

Udhaifu wa tatu ni ufundi. Surface Pro ya mwaka 2013 ilipofunguliwa na wataalamu wa iFixit ilipewa alama 1 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezeka, kwa sababu kioo na betri viliunganishwa kwa gundi. Baadhi ya matoleo mapya yameboreshwa, lakini kwa ujumla kompyuta mpakato ya ofisini bado ndiyo inayofunguka kwa bisibisi, na vipuri vyake ndivyo ambavyo mafundi wa mjini huwa navyo.

Hesabu ya fedha

Bei inayoandikwa kwenye kishikwambi mara nyingi si bei ya kukitumia kama kompyuta. iPad Pro ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 799, lakini kibodi yake ilikuwa dola 169 na kalamu dola 99 zaidi. Mnunuzi na aulizie bei ya vyote kwa pamoja, kisha aongeze kava, kiunganishi na malipo ya programu, ndipo alinganishe.

Upande wa pili wa mizani kuna kompyuta mpakato za mitumba, ambazo kwa fedha ileile mara nyingi hutoa kibodi kamili, kioo kikubwa na nafasi kubwa ya kuhifadhi. Nazo zina mtego wake. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mnunuzi wa mtumba aulize prosesa ni ya mwaka gani, na ajaribu betri dukani kwa kuichomoa chaja.

Nani anunue kipi?

Kwa mtu ambaye kazi yake ni kusoma, kujaza fomu, kupiga picha, kuonyesha na kuwasiliana, kishikwambi chenye kibodi kinatosha, na pengine ni bora zaidi. Kwa anayeandika kurasa nyingi, kuchambua takwimu, kuchora ramani au kutunza hesabu kubwa, kompyuta mpakato bado haina mbadala wa bei nafuu. Kishikwambi cha Windows chenye uwezo mzuri kinaweza kufanya kazi zote mbili, lakini bei yake kwa kawaida huzidi ya kompyuta ya uwezo uleule.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mwenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu anatakiwa ajue mapema ni lipi liko tayari kumponyoka.

Njia nyepesi ni kuandika katika karatasi kazi tano ambazo kifaa kitafanya katika miaka mitatu ijayo, si wiki hii tu. Mwanafunzi amuulize wa mwaka wa tatu wa kozi yake anatumia programu gani. Kisha aende dukani na flashi yenye faili lake halisi, alifungue, alihariri, alihifadhi na kulituma mbele ya muuzaji. Kifaa kikishindwa jaribio hilo dukani, kitashindwa pia usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi tasnifu.