Mashine ya kugundua vyuma nayo ipimwe

Unga uliomo jikoni mwako umekutana na chuma mara nyingi kuliko unavyodhani: jembe, mashine ya kupukuchua, sindano ya kushonea magunia, kisha mashine ya kusaga yenyewe. Mashine nyingi za vijijini mwetu ni za nyundo, yaani vipande vya chuma vinavyozunguka kwa kasi na kuipasua nafaka mpaka ipite kwenye chekeche. Nyundo hulika, chekeche hutoboka, nati hulegea. Chuma kinachopungua hapo sehemu yake huingia kwenye unga.

Kipande butu kikishafika tumboni aghalabu hutoka chenyewe na choo baada ya siku chache. Tunachokiogopa sisi matabibu ni chenye ncha, kwa kuwa kinaweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Wasimamizi wa chakula wa Marekani huhesabu kitu kigumu au chenye ncha, cha milimita 7 hadi 25, kuwa ni hatari kwa mlaji. Na kwa watoto wachanga na wazee hata kidogo kuliko hicho huangaliwa.

Kwa ajili hiyo viwanda vingi vinavyofungasha unga, biskuti na viungo huweka mashine ya kugundua vyuma. Pakiti hupita katikati ya koili. Moja hurusha mawimbi na mbili huyapokea kwa usawa. Chuma kikipita, usawa unavurugika, na mashine huitoa ile pakiti nje ya mstari. Wengi huishia hapo, wakaridhika kwamba mashine ipo na taa inawaka.

Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaja na chombo chake cha kutafuta risasi mwilini. Alipokijaribu kwingine kilifanya kazi. Kwa mgonjwa kilishindwa, kwani kitanda kilikuwa na springi za chuma, na daktari mkuu alimruhusu kutafuta upande wa kulia tu, kumbe risasi ilikuwa kushoto. Chombo kizima kinaweza kukudanganya ikiwa hukukijaribu katika hali ile ile unayokitumia.

Basi kiwandani jaribio hufanywaje? Huchukuliwa vijigololi vya ukubwa unaojulikana vilivyofungwa ndani ya plastiki: kimoja cha chuma cha kawaida, kimoja cha shaba au alumini, na kimoja cha chuma kisichoshika kutu, ambacho ndicho kigumu zaidi kugunduliwa. Kila kimoja huwekwa ndani ya pakiti ya bidhaa yenyewe, kwa sababu chakula chenye chumvi au unyevu nacho huitikisa mashine. Kipite katikati ya uwazi, mahali ambapo mashine huona kwa udhaifu kuliko pembeni. Kisha itazamwe kama pakiti imetolewa kweli ikaingia kwenye sanduku lenye kufuli. Mashine inayolia tu na kuiacha pakiti iende zake haijafaulu.

Jaribio hili hurudiwa mwanzo na mwisho wa zamu, bidhaa inapobadilishwa, baada ya matengenezo, na kila baada ya saa moja au mbili katikati. Kwa nini mara nyingi hivyo? Tuseme saa nane mchana mashine ilifaulu, saa kumi ikashindwa. Hakuna ajuaye iliharibika dakika gani. Kila pakiti iliyopita kati ya saa nane na saa kumi lazima izuiwe na ipitishwe upya kwenye mashine nzima. Mwenye kupima asubuhi tu atalazimika kuzuia mzigo wa siku nzima, au, kama gari limeshaondoka, kuukimbiza madukani. Na daftari la majaribio lijazwe hapo hapo. Binafsi, kurasa zilizojazwa zote kwa mkupuo mwisho wa zamu nisingeziamini hata kidogo.

Mwenye mashine ndogo ya kusaga hapa Mwankoko hatanunua mtambo kama huo, lakini sumaku kwenye mlango wa nafaka anaiweza. Nayo ina masharti yake. Ifutwe kila siku, maana ikishajaa vumbi la chuma haishiki tena vizuri. Ijaribiwe kwa nati ile ile kila wiki ili nguvu zake zikipungua zijulikane. Shaba na alumini haivishiki kabisa. Ukipeleka nafaka, omba uione. (Sumaku ndogo ndogo zisiachwe karibu na watoto, akimeza mbili zinaweza kuvutana na kubana utumbo katikati hadi ukatoboka.)

Mtu akimeza chuma chenye ncha asisukumiwe kwa bonge la ugali wala kutapishwa. Awahi kituo cha afya, hasa akishindwa kumeza mate, akitapika damu au tumbo likimuuma. Chuma huonekana kwenye eksirei. Ikiwa kilitoka kwenye unga wa dukani, pakiti msiitupe. Ipelekeni TBS, iliyokabidhiwa usalama wa chakula kutoka TFDA mwaka 2019, kwani namba ya uzalishaji iliyopigwa pale ndiyo itakayoonyesha waanzie ukurasa gani wa daftari la kiwanda.