Umeme Chomboni (3): Waya wa ethi usikatwe

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu betri na paneli za sola, yaani umeme wa volti 12. Umeme huo ukiuchezea utaunguza fyuzi, na ukizidi kuuchezea utaunguza chombo, ila si rahisi ukuue kwa kuugusa. Leo tunaingia kwenye volti 230, umeme wa nyumbani, unaovutwa kwa kebo kutoka gatini hadi ndani ya mashua iliyozungukwa na maji pande zote.

Tuchukue chombo kinachojulikana. Westerly Centaur ni mashua ya tanga ya fiba, urefu wake futi 26, iliyoundwa Uingereza kuanzia 1969 hadi 1980, na zilitoka zaidi ya 2,000. Ina mikuku miwili, hivyo maji yakipwa inakaa wima juu ya tope bila kulala ubavu. Leo huuzwa kwa bei ya chini, na anayeinunua hutaka kwanza chaja ya betri, kisha hita ndogo ya kufukuza unyevu wa majira ya baridi, kisha, kwa kuwa ni Mwingereza, birika la chai. Nchi ile hutumia volti 230 na plagi ya pini tatu bapa kama Kenya na Tanzania, kwa hiyo fundi wa Mombasa au Dar es Salaam atakuta mambo anayoyajua. Vyombo vya Kilifi na Msasani vingi hufungwa kwenye boya na kuishi kwa sola, na kusema kweli mwenye mashua ndogo huku hana haja ya kuhangaika na kebo. Lakini chombo kikipandishwa nchi kavu kwa ukarabati huvutiwa waya kutoka karakana, na hapo mengi ya haya yanamhusu hata yeye.

Gatini kuna nguzo yenye matundu ya buluu ya pini tatu za mviringo, kwa kawaida ya ampea 16. Hesabu yake ni nyepesi. Birika la kilowati 3 hula ampea 13, hita ya kilowati 2 hula karibu ampea 9. Ukiwasha vyote pamoja, breka ya gatini inakatika na wewe unavaa viatu usiku wa mvua kwenda kuirudisha. Chaja ya kujaza betri kwa ampea 20 haichukui hata ampea 2 upande wa volti 230, kwa hiyo yenyewe haina neno.

Upande wa chombo, tundu linalofungwa kwenye sitaha ndilo lenye pini, na kichwa cha kebo ndicho chenye mashimo. Mpangilio huo una maana: kebo ikichomoka upande wa mashua ilhali gatini bado imechomekwa, hakuna pini yenye umeme inayobaki wazi ikingoja mkono wa mtu. Kwa sababu hiyohiyo, ukifika unachomeka chomboni kwanza halafu gatini; ukiondoka unachomoa gatini kwanza. Kebo yenyewe iwe ya mpira, nyaya tatu za milimita za mraba 2.5, na kama iko kwenye roli ifunguliwe yote, maana iliyoviringwa hujipasha joto. Pini nazo zikaguliwe. Pini iliyoota ukungu wa kijani ikiongeza ukinzani wa ohmu 0.1 tu, kwa ampea 16 inatoa joto la zaidi ya wati 25 mahali pamoja, ndani ya plastiki. Plagi nyingi unazoziona zimebabuka zilianza hivyo.

Ndani, mahali pa kwanza kebo inapofika pawe na swichi kuu, karibu na tundu la sitahani kadiri inavyowezekana. Iwe ya kukata nyaya mbili kwa pamoja, laivu na nyutro. Nyumbani tumezoea breka ya kukata laivu peke yake. Chomboni haitoshi, kwa sababu huwezi kujua gati la kesho limefungwaje; pahali pengine laivu na nyutro zimebadilishana, na breka yako itakata nyutro huku kifaa kikibaki na umeme. Pamoja na swichi hiyo kuwe na RCCB ya milliampea 30, inayolinganisha umeme uliokwenda na uliorudi na kukata mara inapoona upungufu. Nyaya za ndani ziwe za nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usitumike kabisa: injini inatikisa, wimbi linapiga, na mwisho uzi unakatika ndani ya ganda lake pasipo kuonekana.

Hayo yote fundi yeyote makini atayafanya vizuri. Ugomvi uko kwenye waya wa tatu, ule wa kijani na njano.

Ethi inatoka gatini, inapita kwenye kila soketi na kila kifaa chenye mwili wa chuma, kisha inaunganishwa na injini na hasi ya betri. Uunganisho huo wa mwisho una ubishi, na hata Uingereza wapo mafundi wazuri wanaoukataa. Wanasema RCCB inatosha, na kwamba ukiiunganisha ethi na injini unakaribisha kulika kwa metali. Hoja yao si ya kipuuzi. Lakini RCCB ni kifaa chenye springi na mguso, kinachokaa miaka katika hewa ya chumvi, na wenye vyombo wanaobonyeza kitufe chake cha kujaribia kila mwezi ni wachache mno. Siku chaja itakapopasuka ndani na kuingiza volti 230 kwenye waya wa volti 12, umeme utafika kwenye injini, shafti, na rafadha iliyomo majini. Kukiwa na ethi, unarudi gatini kwa njia ya shaba na breka inakatika. Bila ethi, unatafuta njia kupitia maji.

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu, hivyo mwogaji humo huwa na nafuu. Maji baridi ni kinyume: mwili, wenye chumvi ndani yake, unageuka kuwa njia rahisi. Milliampea 15 tu zinaweza kukaza misuli, na mtu anazama akiwa na fahamu zake, bila alama ya kuungua. Katika ziwa Cherokee, jimbo la Tennessee, Marekani, watoto wawili walikufa hivyo Julai 2012, na mwaka 2014 jimbo likapitisha sheria ya ukaguzi wa umeme magatini. Anayesoma haya akiwa kando ya Ziwa Viktoria au Tanganyika asidhani ni habari za mbali.

Sasa bei ya waya huo. Metali mbili tofauti zikikaa katika maji ya bahari na kuunganishwa kwa waya, iliyo dhaifu inaliwa kuilinda iliyo imara. Jeshi la wanamaji la Uingereza lililijua hilo kwa hasara. Mwaka 1761 meli HMS Alarm ilivikwa mabati ya shaba chini ili wadudu wasiitoboe mbao, ikapelekwa Karibi. Iliporudi na kukaguliwa, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kahawia iliyofungiwa mabati ilikuwa imesahauliwa katikati. Hapo misumari ilikuwa mizima. Miaka sitini baadaye, 1824, Humphry Davy alipendekeza shaba ifungiwe vipande vya zinki au chuma viliwe badala yake. Shaba ilipona kweli. Kwa bahati mbaya, shaba isiyolika haitoi tena sumu, na meli zikaota magugu na makombe.

Kipande cha zinki kilichofungwa kwenye shafti ya Centaur ni wazo hilohilo la Davy. Kati ya zinki na bronzi ya rafadha kuna tofauti ya kama volti 0.7, na zinki hiyo imepimwa kulinda chombo kimoja. Ukichomeka kebo, ethi yako inakutana na ethi za majirani wote kwenye nguzo ya gati. Kama jirani ana chombo cha chuma na zinki zake zimekwisha, zinki yako inaanza kazi ya kumlinda yeye, na msimu haujaisha imebaki kokwa. Hapo ndipo mwenye chombo, kwa ushauri wa mtu wa gatini, anapochukua koleo na kuikata ethi. Zinki inapona, na hakuna kinachoonekana kubadilika mpaka siku chaja inapopasuka.

Dawa ipo na si ghali sana. Kuna kizuizi kinachofungwa kwenye ethi mara inapoingia chomboni, chenye dayodi mbilimbili kila upande, kisichopitisha chochote chini ya volti 1.2 hivi. Ule mvuto mdogo wa metali unazuiwa. Hitilafu ya volti 230 inapita kama kawaida na breka inakatika. Kinafanya kazi ya ile karatasi iliyosahauliwa, ila chenyewe kinajua wakati wa kupisha. Transfoma ya kutenganisha ni bora zaidi, lakini kwa mashua ya futi 26 uzito na bei yake havina maana. Jambo moja la kukumbuka: nyutro na ethi zisiunganishwe popote ndani ya chombo. Zinaunganishwa kwenye chanzo cha umeme, nchi kavu, basi.

Kazi ikiisha, tafuta klampu mita inayosoma milliampea, uibane kebo nzima ya gatini, nyaya zote tatu kwa pamoja. Umeme uliokwenda na uliorudi unafutana, kwa hiyo namba inatakiwa iwe sifuri. Ikitokea namba, basi kuna umeme unaopita majini. Zima swichi kuu ya chombo. Namba ikipotea, hitilafu ni yako. Washa kifaa kimojakimoja hadi irudi, ukianza na vya kupasha joto, hita ya maji kwanza. Namba ikibaki palepale, karibu hakika umeme unatoka kwa jirani: unavuja kwake, unapanda kwenye rafadha yako na kurudi gatini kwa ethi yako. Mwone jirani kwa upole, maana huenda hajui, kisha mwone na msimamizi wa gati. Na mpaka kijulikane, asiruhusiwe mtu kuoga hapo.

Sehemu ya nne itahusu inveta, kifaa kinachoruhusiwa kuivunja kanuni ya nyutro na ethi niliyoitaja hapo juu, na namna rilei yake inavyojua wakati wa kuivunja na wakati wa kuiheshimu.