Akili ya mzee baada ya nusukaputi (2): Kinga iko kando ya kitanda

Juma lililopita tuliona jinsi mzee aliyepasuliwa anavyoweza kuzinduka akiwa hajui alipo, au kurudi nyumbani akiwa msahaulifu. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1998 ulifuatilia wagonjwa 1,218 wenye miaka 60 na zaidi. Wiki moja baada ya upasuaji, asilimia 25.8 walikuwa wamepungukiwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri; baada ya miezi mitatu, asilimia 9.9.

Wengi huilaumu dawa ya usingizi, wakaomba ganzi ya mgongo. Lakini jaribio la REGAIN la mwaka 2021, lililohusisha wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga huko Marekani na Kanada, halikukuta tofauti ya kuchanganyikiwa kati ya njia hizo mbili. Jeraha lenyewe huamsha kinga ya mwili, na vurugu yake hufika hadi kwenye ubongo. Maumivu, kiu na kukosa usingizi huzidisha madhara.

Dk. Sharon Inouye, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Yale, alijaribu kuyapunguza madhara hayo katika wodi za kawaida, si za upasuaji, kwa wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Watu wa kujitolea waliwakumbusha wazee siku na mahali, wakawapa miwani yao, wakawanywesha maji, wakawatembeza, wakawatulizia usiku. Matokeo ya mwaka 1999: waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 9.9, dhidi ya 15 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Kazi hiyo ndugu wa mgonjwa anaiweza. Kabla ya upasuaji, mwambieni daktari wa usingizi dawa zote anazotumia mzee, hasa diazepam na dawa za mzio zinazosinzisha, pamoja na pombe. Msimwachishe ghafla bila ushauri. Akizinduka, mrudishieni miwani na kifaa cha kusikia. Daktari akiruhusu, anywe maji na atembee mapema. Maumivu asiyavumilie kimyakimya. Akisema mambo yasiyoeleweka, msibishane naye. Mwiteni muuguzi, maana huenda kuna maambukizi au mkojo umeziba.

Ndiyo maana naziomba hospitali zetu: kengele ya kuondoa wageni inapolia, mzee aliyetoka kupasuliwa aachiwe mtu mmoja anayemfahamu. Mtu huyo ni sehemu ya tiba.

Juma lijalo: usahaulifu unaopita miezi mitatu.