Kanuni Mpya, Bomba la Zamani

Bomba la huduma ni lile jembamba linalotoka kwenye bomba kuu la mtaani, likapita chini ya ukingo wa barabara na chini ya ua, likaingia nyumbani hadi kwenye mita. Mara nyingi ni la mita chache tu, na likishafukiwa hakuna anayelikumbuka mpaka lipasuke. Kanuni za ujenzi, hata hivyo, hulitazama kwa makini: kipenyo chake, kina chake ardhini, umbali wake na bomba la majitaka na, zaidi ya yote, kitu lililotengenezwa nacho. Historia ya kanuni hizo inaonekana waziwazi nchini Marekani, hasa katika mji wa Chicago, ambako bomba lililokuwa likilazimishwa na sheria sasa linatakiwa na sheria ling'olewe.

Hadi mwaka 1986, nyumba ya kawaida Chicago ilitakiwa kuunganishiwa maji kwa bomba la risasi. Uamuzi huo haukuwa wa kipumbavu kama unavyosikika leo. Risasi ni metali laini. Fundi aliweza kuipinda akazunguka jiwe au msingi, na udongo ulipotitia au kuganda kwa baridi, bomba lilifuata bila kukatika. Chuma kiliingia kutu kikaziba, ilhali risasi ilidumu vizazi. Uhusiano wake na maji ni wa kale kiasi kwamba jina la fundi bomba kwa Kiingereza na Kifaransa limetokana na neno la Kilatini la metali hiyo.

Madhara yake nayo hayakuwa siri. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Marekani walikuwa wakiandika juu ya watu waliodhuriwa na maji ya mabomba hayo, na miji kadhaa ilianza kuyaacha. Ndipo wenye viwanda walipojipanga. Mwaka 1928 waliunda chama chao, Lead Industries Association, kilichowashawishi mafundi na watunga kanuni ili risasi iendelee kutajwa kwenye sheria za miji. Kanuni ya ujenzi huonekana kama hati ya kitaalamu tupu, lakini kila bidhaa inayotajwa humo hupata soko la miaka mingi, na wanaoiandika hawakosi wageni wenye maslahi.

Marekani haina kanuni moja ya mabomba kwa nchi nzima. Ipo mifano miwili mikubwa, International Plumbing Code na Uniform Plumbing Code, ambayo hurekebishwa kila baada ya miaka 3. Jimbo au mji huchukua toleo mojawapo, hupunguza hapa na kuongeza pale, kisha hulipitisha kuwa sheria, hivyo miji jirani inaweza kufuata matoleo yaliyopishana miaka kadhaa. Mfano wa kwanza unataka bomba la huduma lisipungue kipenyo cha robo tatu ya inchi, na kwa kawaida litengane na bomba la majitaka kwa futi 5, yaani kama mita 1.5. Sababu ya umbali huo ni rahisi kuelewa: presha ikishuka ghafla, bomba lenye ufa hufyonza kilicho jirani nalo. Kuhusu malighafi, kanuni huegemea viwango vingine, kikiwemo NSF/ANSI 61, kinachopima kile ambacho bomba au koki huachia ndani ya maji ya kunywa.

Marufuku ya risasi ya mwaka 1986 ilitoka kwa Bunge la Marekani, si kwa kamati za ujenzi. Iligusa mabomba, viungio, na hata risasi ya kulehemu iliyokuwa ikiunganisha mabomba ya shaba. Ajabu ni kwamba sheria ilisema kifaa lazima kiwe “bila risasi”, kisha ikaruhusu bomba na kiungio kuwa na risasi hadi asilimia 8. Kuanzia Januari 2014 kiwango hicho kilishushwa hadi wastani wa asilimia 0.25 kwenye sehemu zinazoguswa na maji. Koki iliyouzwa dukani Desemba 2013 kwa jina la “bila risasi” huenda haikufaa tena kuwekwa mwezi uliofuata. Jina lilibaki lilelile, maana ndiyo iliyobadilika.

Kwa jumla, kanuni ya ujenzi humhusu anayejenga sasa au anayefanya ukarabati mkubwa. Haimfuati mtu aliyekwisha kuhamia. Ndiyo maana Chicago bado ina mabomba ya huduma ya risasi yapatayo 400,000, idadi kubwa kuliko mji mwingine wowote nchini humo. Marufuku ilisimamisha ongezeko tu, na yaliyokwisha kufukiwa yaliendelea kupitisha maji ya chai na ya uji wa watoto.

Kwa muda mrefu ulinzi uliachiwa kemia. Mamlaka nyingi za maji huongeza fosfeti, ambayo hujenga utando mwembamba ndani ya bomba na kuyatenga maji na metali. Utando huo ni mlinzi mzuri, lakini hauvumilii mabadiliko ya maji. Mji wa Washington ulipobadilisha aina ya dawa ya kuua vijidudu mwaka 2000, risasi ilipanda majumbani. Flint, katika jimbo la Michigan, ulihamia maji ya Mto Flint Aprili 2014 bila kuweka kinga dhidi ya ulikaji wa mabomba. Utando wa miaka mingi ukaanza kumomonyoka, na kufikia 2015 vipimo vya damu za watoto vilionyesha risasi imeongezeka. Bomba lenyewe halikuwa limeguswa na mtu.

Kanuni ya serikali kuu ya mwaka 1991 iliitaka mamlaka ya maji ichukue hatua iwapo zaidi ya asilimia 10 ya sampuli zimezidi mikrogramu 15 za risasi kwa lita. Iliyotolewa Oktoba 2024 imeshusha kiwango hadi mikrogramu 10 na, jambo zito zaidi, inataka miji mingi iwe imeondoa mabomba yote ya risasi ndani ya miaka 10 kuanzia 2027, hata kama vipimo ni vizuri. Miji iliyoelemewa, kama Chicago, iliwekewa njia ya kupata muda mrefu zaidi.

Kikwazo kikubwa kuliko kuchimba ni umiliki. Katika miji mingi, kipande cha kutoka bomba kuu hadi valvu iliyo karibu na mpaka wa kiwanja ni cha mji, na kinachobaki hadi ndani ni cha mwenye nyumba. Kwa miaka mingi miji ilibadilisha kipande chake na kukiacha kingine. Kazi hiyo ya nusu inaweza kuleta hasara kubwa kuliko kutofanya chochote kwa muda fulani, kwani mtikisiko wa kukata hubandua chembe za risasi, na shaba mpya ikiunganishwa na risasi ya zamani huharakisha kuliwa kwa risasi. Illinois, jimbo la Chicago, lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia mtindo huo, isipokuwa katika hali chache.

Madison, jimbo la Wisconsin, ulitangulia. Ulikwepa fosfeti kwa kuwa ingechafua maziwa yake, na kuanzia 2001 ukawataka wenye nyumba wabadilishe kipande chao huku mji ukirudisha sehemu ya gharama. Kama mabomba 8,000 yaliondolewa katika muda wa takriban miaka 10. Newark, jimbo la New Jersey, ulikuwa na shida nyingine: wakazi wengi ni wapangaji, na wenye nyumba hawapatikani kirahisi. Mwaka 2019 baraza la mji lilipitisha sheria ya kuruhusu mafundi waingie bila kusubiri ridhaa ya mwenye mali, na kazi ikawa bure kwa mkazi. Mabomba yapatayo 23,000 yalibadilishwa katika muda usiozidi miaka 3.

Badala ya risasi, kanuni za leo huruhusu shaba na plastiki za aina kadhaa. Plastiki ni nafuu na haishiki kutu, ila nayo imewahi kuwaponza waliotunga kanuni. Bomba la kijivu la polibutilini lilitumika sana Marekani kuanzia 1978 hadi 1995. Klorini iliyomo majini ililifanya likauke na kupasuka, na mwaka 1995 kesi yake ilimalizwa kwa makubaliano ya fidia ya dola milioni 950. Plastiki nyingine huruhusu mvuke wa petroli kupenya, hivyo hazifai kulazwa kwenye udongo uliomwagikiwa mafuta. Kuna pia jambo ambalo fundi bomba huweza kulisahau: nyumba nyingi za zamani zilifunga waya wa etha ya umeme, ule wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, kwenye bomba la maji la metali. Bomba hilo likiondolewa na kuwekwa plastiki, nyumba hupoteza etha yake bila taa hata moja kuzimika. Mji unaobadilisha mabomba kwa maelfu hauna budi kumhusisha fundi umeme.

Kabla ya yote hayo lazima ijulikane bomba lipi liko wapi. Mamlaka za maji zilitakiwa kukamilisha orodha zao kufikia Oktoba 2024, na kumbukumbu nyingi zilikuwa na mapengo. Kwa hiyo mkaguzi hushuka hadi pale bomba linapotokeza ukutani, akajaribu sumaku, kisha akalikwaruza taratibu kwa ufunguo. Chuma huvuta sumaku. Shaba huonyesha wekundu wa senti. Risasi haivuti sumaku, na mkwaruzo huacha mstari laini wa fedha inayong'aa.