Je, Wajua? Mishipa ya Fahamu na Seli Zake

Je, wajua kuwa mwilini mwako kuna seli ndefu kuliko mguu wako? Seli ya neva inayohisi kidole gumba cha mguu ina kiini chake kando ya uti wa mgongo. Tawi lake moja linateremka hadi kidoleni, jingine linapanda mpaka kwenye shina la ubongo, usawa wa kisogo. Kwa mtu mrefu, ncha hadi ncha ni zaidi ya mita moja na nusu, na yote hiyo ni seli moja. Ya twiga usiniulize.

Ubongo wa mtu mzima una nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo bilioni 86. Vitabu vingi vilizoea kuandika bilioni 100, bila kusema nani alizihesabu. Mwaka 2009 timu ya mwanasayansi wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, ilitoa hesabu yake baada ya kusaga ubongo wa wanaume wanne waliofariki mpaka ukawa supu, kisha kuhesabu viini vya seli vilivyoelea humo.

Nyingi za bilioni hizo haziko unakodhani. Takriban 69 zimo kwenye serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma unaosawazisha mwendo. Gamba la ubongo, tunalojisifia kwa kufikiri, lina kama 16 tu.

Tembo wa Afrika anatupita mara tatu: ana nyuroni bilioni 257. Ila asilimia 98 kati ya hizo ziko kwenye serebela.

Supu ile ile ilizima dai jingine la vitabuni, kwamba seli za glia ni nyingi mara kumi kuliko nyuroni. Idadi zake zinakaribiana. Glia hazipati sifa zinazostahili: ndizo zinazolisha nyuroni, kufagia mabaki, kupambana na vijidudu na kuzifunika nyaya zake.

Ubongo, pamoja na ugwe wa mgongo unaopita ndani ya pingili, ndio mfumo mkuu wa neva. Vilivyobaki ni neva za pembeni: jozi 12 zinatoka kichwani, jozi 31 mgongoni.

Je, wajua kuwa ugwe huo ni mfupi kuliko uti wenyewe? Kwa mtu mzima unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Ndiyo maana daktari anayetafuta homa ya uti wa mgongo huchoma sindano chini ya hapo, penye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Kwa mtoto mchanga ugwe hufika chini kidogo zaidi, na daktari naye hushuka. Wazazi wengi hukataa kipimo hiki wakihofia mtoto atapooza, na kuchelewa huko ndiko kwenye hatari kubwa zaidi.

Ukijikwaa, maumivu huja mara mbili. Kwanza ule mchomo mkali, halafu baada ya sekunde moja hivi, maumivu mazito yanayounguza. Kidole kimejikwaa mara moja tu, lakini habari imepita kwenye nyuzi za aina mbili. Nyuzi zenye mielini, yaani tabaka la mafuta lililoviringishwa kuzizunguka, hukimbiza ujumbe. Zilizo nene zaidi hufikia mita 120 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na mielini hujikongoja kwa mita moja hivi.

Nje ya ubongo na ugwe, mielini hutengenezwa na seli za Schwann. Bakteria wa ukoma hujificha humo humo. Wanapenda sehemu zenye ubaridi kidogo, kwa hiyo huvamia neva zilizo karibu na ngozi. Jigonge kiwiko mpaka umeme ukufike kidole cha mwisho: hiyo ndiyo neva ambayo mganga wa ukoma huipapasa nyuma ya kiwiko, akiangalia kama imevimba. Bakteria hawali vidole, hata kama mtaani husemwa hivyo. Neva ikifa, mtu hushika sufuria ya moto bila kujua, na vidonda visivyouma ndivyo vinavyomaliza vidole. Dawa zipo, hutolewa bure, na huponya kwa miezi 6 hadi 12. Neva iliyokwisha kufa ndiyo isiyorudi.

Bakteria huyo aligunduliwa na Hansen wa Norwei mwaka 1873. Mwaka huo huo Camillo Golgi wa Italia alichapisha mbinu ya kutia seli za neva rangi nyeusi kwa chumvi ya fedha. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliichukua mbinu hiyo, akaona kila nyuroni inajitegemea. Golgi alishikilia kuwa zote ni wavu mmoja. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akatumia hotuba yake ya tuzo kuipinga nadharia ya mwenzake! Cajal ndiye aliyekuwa sahihi: kati ya nyuroni na nyuroni kuna upenyo wa nanomita 20 hivi, na kemikali ndizo zinazouvuka.

Nyuroni nyingi kazi yake ni kuzuia nyingine. Sumu ya pepopunda hupanda kupitia neva kutoka kidondani hadi kwenye ugwe, ikawanyamazisha wazuiaji hao. Misuli yote inakaza, taya likitangulia.

Konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu, nayo inaonyesha jambo hilo hilo la kuzuia kwa njia nyingine. Mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara, watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha walishtuka miguu imekakamaa. Kinachoharibika ni nyuroni zinazoshuka kutoka kwenye ubongo. Zile za ugwe zinazoamrisha misuli zinabaki nzima. Gonga goti la mgonjwa kwa nyundo ya daktari: mguu unaruka kupita kiasi, kwa kuwa breki ya juu haipo.

Na ganzi ya daktari wa meno? Hufunga vijilango vya sodiamu kwenye nyuzi za neva. Nyuzi nyembamba za maumivu kwa kawaida hutangulia kuzimika kuliko zile nene za mguso, kwa hiyo unasikia jino linavyovutwa na huumii.