Kujifunza akogo: Simu yatosha, au uvuke mpaka?

UKITAKA kununua magunia mia ya mahindi, picha ya WhatsApp itakuonyesha rangi na ukubwa wa punje. Haitakuambia kama yamekauka. Hilo utalijua ukifika ghalani, ukatia punje mdomoni na kuiuma. Mkazi wa Masafu, wilayani Busia, Uganda, anayetaka kujifunza ala ya muziki naye yuko katika hali hiyohiyo.

Kwa gitaa, masomo ya mtandaoni yanafaa. Nyuzi zake sita kwa kawaida hupangwa sauti zilezile London, Nairobi na Tororo, na ipo programu ya simu ya kukuambia uzi gani umelegea.

Akogo ya Wateso ni jambo jingine. Ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vilivyopondwa vikawa bapa, nacho hupigwa kwa vidole gumba. Fundi hupanga sauti kwa sikio, akisukuma kijiti mbele au nyuma: kikiwa kifupi sauti hupanda, kikiwa kirefu hushuka. Ukifuata video ya akogo iliyopangwa vingine, vidole vitapita panapotakiwa na wimbo usitoke.

Tena akogo hupigwa pia kwa kundi, ndogo zikiimba juu na kubwa ikibeba besi. Kwenye simu, sauti huchelewa kidogo kufika. Katika mazungumzo huoni tofauti. Katika muziki, ukisikia pigo la mwenzako, yeye ameshasonga mbele.

Gharama nazo zihesabiwe. Tangu Julai 2021 Uganda hutoza data kodi ya asilimia 12, na video hula data haraka. Upande wa pili, nauli si bure, na siku ya kwenda kwa mwalimu ni siku bila mauzo.

Lakini wewe mfanyabiashara tayari unavuka. Wateso wako pande zote mbili: Tororo na Busia huku, Amagoro na Amukura kule Kenya. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kimeweka maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Basi siku ya mzigo, tenga saa moja.

Mwombe mwalimu akupangie sauti za akogo yako kwanza. Kisha, kwa ruhusa yake, rekodi kwa simu kijiti kimoja kimoja, halafu wimbo mzima polepole. Rekodi hiyo ndiyo mizani yako nyumbani, na kuisikiliza hakuli data. Ukikwama katikati ya wiki, mtumie ujumbe wa sauti. Na mlipe kwa wakati, kama unavyomlipa mwenye mzigo.

Video zitakungoja mtandaoni hata mwakani. Mzee anayejua akogo ya kijiji chake inavyopangwa hana ahadi hiyo, na akienda bila mwanafunzi, sikio lake huenda nalo.